Usimhamishe kijana kwa ajili ya kikosi cha akiba

Mkuu, usisaini. Kijana wako ana miaka 19, anaanza kila wiki kwenye klabu inayojitegemea (isiyo chini ya klabu kubwa) ya WAFL, ligi ya mpira wa Kiaustralia ya jimbo la Australia Magharibi, hapo Perth, halafu unataka kumpeleka Melbourne akawe mchezaji wa kujazia kwenye kikosi cha akiba cha klabu ya AFL, ligi kuu ya mchezo huo? Kisa skauti, msaka vipaji wao, kakupigia simu? Nimesoma uzi wako mpaka chai imekaukia jikoni.

Ngoja nikupe hesabu ambayo huyo skauti hatakupa. Klabu ya AFL ina wachezaji zaidi ya 40 wa mkataba. 23 wanapangwa kwenye mechi ya AFL. Waliobaki wakiwa wazima wanashuka kucheza VFL, ligi ya chini ambako vikosi vya akiba hucheza, na hao ndio wa kwanza kupangwa kwa sababu wanalipwa. Kijana wako anagombea mabaki. Wakiumia wengi, anacheza. Wakipona, anarudishwa klabu ya mtaani. Nafasi yake haiko miguuni mwake hata kidogo, iko kwa daktari wa timu.

Mimi nilimleta mpwa wangu kwa njia hiyo hiyo. Niliacha kazi ya kudumu, nikauza gari kwa bei ya kutupa, tukahamia huku familia nzima, maana niliambiwa dogo "yupo kwenye mipango". Mwanzoni majeruhi walikuwa wengi, akacheza, nikampigia simu kila ndugu ninayemjua. Kisha wakapona. Kuanzia hapo maisha yetu yakawa ya Alhamisi usiku: AFL wanatangaza vikosi, sisi tunakaa na simu mkononi tukisubiri kuambiwa kama Jumamosi kuna mechi au hakuna. Wakati mwingine anaambiwa hayumo, halafu mchezaji wa mkataba anashikiliwa kwenye timu ya AFL kama wa dharura, iwapo mwenzake ataumia, dogo anaitwa mbio mbio na hajalala. Atacheza nini huyo?

Nilifika mahali kila Jumatatu nasoma ripoti ya majeruhi kabla ya kitu kingine chochote, na nikiona mtu kachanika msuli wa paja moyo unatulia. Nafurahia paja la mtoto wa mwenzangu! Mke wangu alisema nikatubu. Sijatubu mpaka leo, ila naona aibu kidogo.

Skauti yule? Sauti ya asali, kahawa kaninunulia yeye, picha ya ukuta wa makombe kanionyesha. Msimu ulipoisha hakupokea simu. Aliyenipa barua ya kumwacha dogo ni binti wa mapokezi ambaye hata jina lake alilikosea. Na kule Perth nafasi yake ilishachukuliwa na mwingine.

Umeuliza kama VFL ina mustakabali, klabu mpya ya kisiwa cha Tasmania ikiwa imepangiwa kuingia AFL mwaka 2028. Angalia klabu za VFL zilizotangulia. Bendigo walikuwa na uhusiano na Essendon, klabu ya AFL. Ukaisha, na mwishoni mwa 2014 klabu ikafa. North Ballarat walichukua ubingwa 2008, 2009 na 2010 mfululizo, na bado leseni yao ya VFL ikaondoka 2017. Northern Blues waliachwa na Carlton, klabu nyingine ya AFL, Machi 2020, wakaponea chupuchupu wakarudi na jina lao la zamani. Aspley wa Brisbane waliingia VFL 2021 ilipounganishwa na ligi ya kaskazini, wakatoka baada ya msimu mmoja tu. Hiyo Tasmania yenyewe ilikuwa na timu VFL kuanzia 2001, ikafungwa 2008. Mimi naona ipo siku klabu za AFL zitarudi kwenye ligi ya akiba ya peke yao, kama ile iliyokwisha 1999, na wachezaji wa kujazia watabaki kujazia vilevile.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mpeleke kijana kwenye timu ambayo klabu kubwa ikijitoa kesho, Jumamosi bado kuna mechi na yeye bado yumo. Marlion Pickett alikuwa South Fremantle, klabu inayojitegemea, Richmond wa AFL walipomchukua katikati ya msimu wa 2019. Wiki moja alishinda fainali ya VFL, wiki iliyofuata akacheza mechi yake ya kwanza ya AFL, nayo ni fainali kuu, akabeba kombe. Ndiyo, alipitia kikosi cha akiba, lakini alipita akiwa na mkataba wa AFL mfukoni. Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma hapo Kenya, Sydney wa AFL walimtoa East Fremantle. Hao wote walionekana wakiwa hapo hapo WAFL unapotaka kumtoa kijana wako!

Mpigie skauti kesho. Muulize: wote wakiwa wazima, mwanangu anacheza wapi? Akianza kukueleza habari za gym mpya na mpishi wa timu, kata simu, kisha njoo utuandikie hapa alivyojibu.