Bahari ya mteja wangu ilivyopotea ukutani

Jumapili iliyopita dada mmoja aliyenunua kwangu printi ya mchoro wangu wa Boma la Bagamoyo alinitumia picha ya ukuta wake na swali moja tu: "Kaka, ile bahari yako imeenda wapi?" Nikaivuta picha niione vizuri, nikaishiwa nguvu. Bluu yote imefutika, anga limekuwa rangi ya uji, na lile Boma la Mjerumani la 1897 limebaki kivuli tu. Miaka miwili jamani! Na alitoa 50,000 yake kwa kuniamini.

Najua wengi wenu mnachora kwa rangi za maji na mnataka kuuza printi kama mimi, so acheni niwaambie ukweli. Ile picha niliichora siku tatu, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali rangi ikaanza kukaukia kwenye brashi. Rangi za maji ukikosea umekosea, weupe wa chokaa ni karatasi yenyewe unaiacha wazi, halafu ile bluu ya ultramarine ikikauka inatuama kwenye vishimo vya karatasi inaacha chembechembe, na hapo ndo ukuta unaonekana umejengwa kwa mawe ya matumbawe kweli. Kazi yote ile nikaja kuipiga picha kwa simu chini ya mwarobaini, nikaituma WhatsApp kwa jamaa wa steshenari, akaprinti kwenye karatasi ya kung'aa nakala 50. Chembechembe zote zikafia njiani maana WhatsApp inaminya picha. Niliona kabisa, nikanyamaza, kwa sababu kipindi cha tamasha pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, printi zilikuwa zinatoka. Hilo ndo linaniuma mpaka leo, kwamba niliona.

Kwa hiyo wadogo zangu nisikilizeni. Skani kazi yako, usiipige picha kwa simu. Saizi ya A3 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inataka pikseli 3508 kwa 4961, chini ya hapo mistari ya milango inaanza kulegea. Mwenye mashine muulize anatumia wino gani kabla hujamuuliza bei: wino wa dai, ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, mwanga unaula haraka, wa pigmenti, wenye chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, unadumu zaidi sana. Karatasi iwe ya pamba, isiyo na asidi. Na muulize wino, narudia, muulize wino!

Kuna mchoraji mwenzangu aliniambia mteja wa hapa hajui tofauti. Nilikasirika. Huyu dada hajui pigmenti ni nini, lakini anajua bahari ilikuwepo na sasa haipo. Mtu akitundika kazi yako sebuleni kwake anapita mbele yake kila siku, wageni wanaiona, watoto wanakua nayo, usimchukulie poa.

Juzi nimempelekea nyingine kwa basi, bila hela. Namba 4/30, yaani ya nne kati ya 30, kwa penseli chini kushoto, sahihi yangu kulia, na kioo nimekitenganisha na karatasi kwa fremu ya kadibodi maana unyevu wetu wa pwani karatasi ikigusa kioo inanata inaota kuvu. Amenipigia, kaitundika ukuta usiopigwa na jua, na anasema akisogea karibu anaziona chembechembe.

Zile za zamani niliuza 18. Kama unayo moja kwako nitumie picha yake, nakubadilishia.