Muhuri wa Mkandarasi Haupimi Ethi

Msomaji wa Mabatini, Mwanza, ameniandikia: fundi ametaja bei ya wayaringi, kisha akaongeza "hela ya muhuri". Muhuri si wake, ni wa mkandarasi mwenye leseni ambaye hatapanda mlimani kuiona nyumba. Je, ni sawa? Si sawa, tena anayelipia ni wewe.

Leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ipo ili mteja asiyejua umeme alindwe. Ila ukaguzi ukiwa haba, leseni inageuka mali ya kukodisha. Mwenye muhuri anakula bila kushika bisibisi, fundi anafidia gharama hiyo kwenye vifaa, na yule mwaminifu anayefika saiti na kupima anaonekana ghali, anakosa kazi. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alieleza jambo hilihili kwa magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, mazima yanaondoka sokoni.

Basi jifunze kutofautisha. Roli ya mita 100 ya waya wa milimita za mraba 2.5 ina shaba ya yapata kilo 2.2, plastiki bado. Ipeleke hata kwenye mizani ya dagaa. Ikisoma pungufu ya hapo, umepigwa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.

Ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ndiyo inayotuumiza Mwanza. Fito yake ya chuma ya mita 1.2 haiingii kwenye mwamba, kwa hiyo inakatwa na kuchomekwa kipande. Uwepo inapogongwa. Mwamba ukikataa, ihamishiwe chini penye udongo wa unyevu, au fito kadhaa zilazwe kwenye mtaro, kisha ipimwe kwa mita ya ethi. Ethi ikiwa na ukinzani wa omu 50, waya wa moto wa volti 230 ukigusa bati la friji, ampea zinazokwenda ardhini hazizidi 4.6. Breka ya ampea 32 haishtuki, na friji inabaki inamsubiri mtoto. RCD ya miliampea 30, swichi inayohisi umeme unaovuja, ndiyo inayokata hapo. Wateja nasi tuna lawama: tunabania hela ya RCD, halafu geti tunaliwekea maua ya chuma.

Sehemu ya mwisho ya malipo ishikilie mpaka mwenye muhuri afike, apime, ajaze mbele yako fomu anayoigonga muhuri, na jina lake liwe kwenye orodha ya EWURA. Akimtuma kijana, mpe kijana maji ya kunywa, mwambie unamsubiri bosi wake.