Watu wa Gede Walikuwa na Pa Kuhamia

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, iwapo wanadamu watakuwako miaka elfu kumi ijayo, nimelisoma nikiwa Malindi, mji uliopakana na ushahidi wa namna mbili, wa kudumu kwetu na wa kuanguka kwetu. Katika kaunti yetu hii ya Kilifi liko pango la Panga ya Saidi, ambamo mtoto wa miaka kama mitatu alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Kusini mwetu kidogo yako magofu ya Gede, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17.

Kuhusu Gede, kila mtu hutaka sababu moja. Hutajwa visima vilivyopungukiwa maji, Wazimba, wapiganaji kutoka upande wa mto Zambezi, walioshambulia pwani mwaka 1589, sultani wa Malindi kuhamia Mombasa chini ya Wareno, na Wagalla (leo huitwa Waoromo) waliotoka kaskazini. Naamini kila moja peke yake ingevumilika, na kwamba mji ulishindwa kwa sababu zilishikana. Huo ndio mfumo changamano: sehemu nyingi huathiriana hata jambo dogo likazaa kubwa. Wavuvi wetu wanalijua hili kwa samaki aitwaye kikande. Akivuliwa kupita kiasi, viumbe wa miiba anaowala huzidi na kuyatafuna matumbawe, samaki wengine hukosa maficho, na mvuvi aliyepungukiwa hutumia nyavu za matundu madogo zaidi, ambazo huongeza hasara ileile. Hakuna aliyekusudia kuua mwamba.

Kwa hiyo sishawishiki na wanaotaja mwaka wa mwisho wetu, wala na wanaoahidi kwamba maarifa yataokoa kila kitu. Kinachonitia hofu ni kwamba watu wa Gede walikuwa na pa kuhamia, kwa kuwa mji mmoja ulipoanguka mingine ilisimama, ilhali sisi, tuliozidi bilioni 8, tumejifunga katika wavu mmoja. Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama katika mfereji wa Suez kwa siku sita, na mamia ya meli zikangoja. Nakiri kwamba wavu huohuo ndio unaoleta chanjo, na chakula wakati wa ukame, kwa hiyo sitaki ukatwe. Nataka kila mahali pabaki na akiba yake, mbegu zake na njia yake ya pili, hata kama wahasibu wataiita gharama isiyo na faida.

Maji ya bomba yalipofika nyumbani kwetu, marehemu bibi alikataa kisima kisifukiwe, ingawa mafundi walimwambia kwamba kinakula nafasi ya chumba kizima. Bomba linapokauka, majirani wa mitaa miwili huja kwetu na madumu yao. Nyumba mpya zinazojengwa mtaani sasa hazina kisima hata moja.

Msomaji, Malindi