Mama Aliyewahi Kusema

Wiki hii mmeuliza: ni filamu gani ya mambo ya kifamilia iliyonyimwa heshima yake, na ni mwigizaji gani wa kike aliyeibeba? Jibu langu ninalo kwa miaka mingi. Ni Make Way for Tomorrow, ya Marekani, mwaka 1937, na aliyeibeba ni Beulah Bondi.

Kisa ni hiki: Lucy na Barkley Cooper, wazee walioishi kwenye ndoa miaka 50, wananyang'anywa nyumba na benki. Wana watoto watano, lakini hakuna anayesema ana nafasi ya kuwachukua wote wawili. Mama anakwenda kwa George, New York. Baba kwa Cora, mbali huko.

Mwigizaji mwingine angemfanya Lucy malaika. Bondi amethubutu kumfanya mama anayechosha. Mkwewe, mke wa George, anafundisha bridge, mchezo wa karata, palepale nyumbani, na mama anajileta sebuleni katikati ya wageni, kiti chake cha kubembea kikilia kwi, kwi. Nilikereka naye, nakiri, nikamhurumia mkwe. Mara simu inaita, ni mumewe. Lucy anapaza sauti kama mtu asiyeizoea simu, anamsihi ajikinge na baridi, anamlaumu kwa pesa ya simu ambayo ingenunua skafu nzuri. Wageni wanatulia. Sauti ileile iliyotuudhi punde tu, sasa inatukaba koo.

Lakini pale ninaporudia kutazama kila mara ni kwenye kisa cha makao ya wazee. Lucy ameshaiona barua ya huko na ameelewa. George anakuja kumweleza, maneno hayamtoki, na mama anamwahi: anasema yeye mwenyewe ndiye anayetaka kwenda. Anamwondolea mwanawe aibu ya kutamka. Anaomba jambo moja tu, baba yao asijue kamwe. Bondi halii hapo, wala hatafuti huruma yetu. Anasema kwa wepesi, kama mama anayepanga safari ndogo.

Na huyo "bibi" hakuwa hata ametimiza miaka 50! Alimzidi Thomas Mitchell, aliyeigiza kama mwanawe George, umri kwa miaka isiyofika mitano tu. Mimi sikushuku hata kidogo nilipoitazama mara ya kwanza. Mabega, mwendo, namna ya kushika mkoba, vyote ni vya mtu wa miaka 70.

Oscar haikumteua kwa kazi hii. Mwongozaji, Leo McCarey, aliipata mwaka huohuo kwa kichekesho chake The Awful Truth, na alipoipokea aliwaambia wamempa kwa filamu siyo.

Kuna kitu kidogo kwenye hoteli waliyofikia walipooana, wanakorudi pamoja kabla ya kutengana. Wazee wanasogeleana wabusiane, Lucy anageuza macho kuelekea kamera, kwetu sisi, anaona haya, anajirudi. Nusu sekunde tu, na ndoa nzima iko mle.

Kisha stesheni. Barkley anapelekwa kwa binti yao California, anaahidi atapata kazi na kumwita. Lucy anajua pa kwenda kwake si kwa George tena, na hasemi. Studio ilitaka mwisho wa furaha, McCarey akagoma. Treni inaondoka, Bondi anabaki peke yake akiitazama, halafu anageuka.