Kile chuma cha springi za breki za tela: kinanyanyua shuu, hakivuti springi

Wakuu,

Mwenzetu ameuliza kuhusu tela yake ya ekseli tatu inayobeba mahindi ya Kibaigwa na alizeti ya Singida. Kila akibadilisha shuu (vile vyuma vya upinde vinavyokandamiza dramu breki inapokanyagwa), springi ya kuzirudishia inakatika mapema, na fundi wake anaitoa kwa bisibisi kubwa na nyundo. Anataka kujua kama anunue kile chuma maalumu cha springi za breki au akachongeshe kwa fundi wa kuchomelea.

Vyote viwili vinafaa, ila kikitumika vibaya hata cha dukani kitakukatia springi. Kwenye breki za kamu ya S (chuma chenye kichwa cha umbo la S kinachozunguka na kutanua shuu) zenye rola (vichuma vya duara kati ya shuu na kamu), ambazo ndizo zimejaa kwenye tela zetu, springi ile kubwa haitolewi kwa kuvutwa. Unachokifanya ni kunyanyua shuu kidogo kutoka kwenye kamu, unachomoa rola, shuu inarudi karibu na kamu, na springi inalegea yenyewe mpaka unaitoa kwa vidole. Fundi anayeingiza bisibisi kwenye ndoano ya springi iliyokaza na kuigonga anaacha alama kwenye waya. Alama yenyewe ni ndogo, ukipitisha ukucha ndiyo unaisikia. Lakini springi hiyo inatanuka na kurudi kila breki inapokanyagwa, na waya huanza kupasuka pale pale palipokwaruzwa. Ndiyo maana springi zako zinakatikia kwenye shingo ya ndoano, hazikatikii katikati.

Chuma chenyewe hakina siri. Ni wenzo wa sentimita 50 hadi 60, unene wa milimita 20 hivi. Ncha moja imebapatwa na kupindwa kidogo kama kwato, hiyo ndiyo ya kunyanyulia shuu. Ncha ya pili ina kidomo chenye mfereji, kwa ajili ya zile breki ambazo springi imeshikwa kwenye pini isiyotoka, hapo kweli unavuta. Mfereji uwe mpana kuliko waya wa springi yako kwa milimita 1 au 2 tu. Pima waya kwa vernia, usikadirie. Mfereji ukiwa mpana mno, springi inacheza na kuruka. Ukibana, haitoki pale unapotaka kuiachia.

Ukichongesha, usikubali nondo ya ujenzi. Nondo hupinda kidogo kidogo, na siku itakapokubali kukunjika mkono wako utakuwa na nguvu zote juu yake. Tafuta chuma kigumu, kwa mfano mpini wa wili spana iliyovunjika. Fundi akipinde kikiwa chekundu, kisha akizike kwenye majivu kipoe polepole. Wengi wana tabia ya kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji kikiwa bado chekundu. Kinakuwa kigumu kweli, lakini kinakatika kama kigae na kipande kinaruka usoni. Mwisho apige tupa kingo zote za kwato na za mfereji mpaka ziwe mviringo. Kingo kali itafanya uharibifu ule ule wa bisibisi, na utakuwa umelipia bure.

Sasa kazi yenyewe. Tela isimame mahali tambarare, kabari kwenye ekseli usizozigusa, mbele na nyuma ya tairi. Kwa udongo wetu wa Dodoma wa kichanga, chini ya jeki weka ubao mnene na mpana, la sivyo jeki itazama huku umelala chini. Na usitegemee jeki peke yake, weka stendi chini ya ekseli.

Kabla ya kugusa tairi, funga springi ya busta (lile kopo la upepo linalosukuma breki). Hapa sina utani. Ndani ya busta ya hendibreki kuna springi kubwa iliyokunjwa, na upepo ukiisha inasukuma shuu kwa nguvu zote. Jaza upepo, achia hendibreki ili upepo uikunje. Chukua ile bolti yenye kichwa cha T inayokaa kwenye mfuko wake ubavuni mwa busta, toa kifuniko cha mpira kwa nyuma, ingiza bolti, zungusha robo mzunguko ishike, halafu weka washa na nati. Upepo ukiwepo, nati inaenda kwa vidole karibu njia yote. Malizia kwa spana ya mkono, bunduki ya upepo ikae mbali kwa sababu inavua meno ya bolti. Ule mshipi wa chuma unaoshika sehemu mbili za busta ya hendibreki haufunguliwi gereji, kwa sababu yoyote ile. Springi ikitoka humo inaua.

Fuata slaki ajasta (mkono unaounganisha busta na kamu, ndio wa kurekebishia breki), uirudishe nyuma hadi kamu ifunge kabisa. Ile ya mkono, bonyeza kola yake ndani kwa spana kisha zungusha. Ile ya kujirekebisha yenyewe ina aina mbili: yenye kikucha cha kuvuta, kinyanyue kwanza kwa bisibisi na ukishikilie, vinginevyo unakata meno ya ndani; isiyo na kikucha italia tak-tak na kukaza unapoirudisha, hiyo ni kawaida yake. Wengi hawarudishi slaki, wanakwenda moja kwa moja kugonga dramu. Dramu iliyolika ina ukingo kwa ndani unaozishika shuu, hivyo haitoki, inagongwa nyundo pembeni, inapata ufa. Hilo dume la chuma lina kilo 50 hivi, lishushwe na watu wawili.

Vumbi lililo ndani usilipulize kwa upepo. Lainingi (tabaka la msuguano juu ya shuu) za zamani zilikuwa na asbesto, na huwezi kuijua kwa macho. Mwagia maji, pangusa kwa kitambaa.

Sasa chuma chetu. Anza na shuu ya chini. Weka kwato kati ya shuu na kichwa cha kamu, kisigino cha chuma kiegemee kwenye kichwa cha kamu au kwenye spaida (bamba linaloshika shuu), kamwe kisiegemee springi wala sili ya kamu. Sukuma mpini taratibu kwa uzito wa mwili. Shuu ikiachana na rola kiasi cha nusu sentimita, mwenzako atoe rola na klipu inayoishika kwa plaizi ndefu, sio kwa vidole. Simama pembeni mwa mpini, usisimame mbele yake, maana kwato ikiteleza mpini unarudi na meno ya mbele ni yako. Rudia kwa shuu ya juu. Rola zote mbili zikitoka, springi kubwa inalegea. Ukikuta bado imekaza, slaki hukuirudisha mwisho, rudi huko, usiongeze nguvu. Halafu zungusha shuu ya chini uelekeo wa nje, zile springi mbili ndogo za upande wa pini (ncha ya shuu iliyo mbali na kamu) zitalegea, shuu zote zinatoka.

Springi zote, kubwa na ndogo, badilisha kila unapobadilisha lainingi, pande zote mbili za ekseli. Najua watu wanasema springi bado nzima. Iangalie rangi: iliyobabuka rangi au kugeuka bluu imeshapikwa na dramu, haina tena nguvu ya kurudisha shuu. Shuu isiyorudi inaburuta, dramu inachemka, springi mpya nayo inapikwa, na unarudi kulekule. Ukiwa unateremka Sekenke au Nyang'oro na mzigo, dramu iliyokwishachemka kabla ya mteremko haina breki ya kukupa chini.

Angalia rola. Ikiwa na ubapa upande mmoja, haikuwa ikizunguka, ilikuwa ikikwaruza kamu. Sababu mara nyingi ni grisi iliyopakwa mahali pasipo. Grisi inakaa kwenye ncha mbili za rola, pale zinapoingia kwenye shuu. Uso wa rola unaokutana na kamu ubaki mkavu, ukiwa na grisi rola inateleza badala ya kuzunguka. Halafu shika kichwa cha kamu, kitikise juu chini. Ikicheza zaidi ya robo tatu ya milimita, bushi zimekwisha. Piga grisi kwenye bomba la kamu mpaka itoke safi upande wa slaki ajasta. Ikitokea upande wa shuu, sili imekufa, na kila utakapopiga grisi utakuwa unaipaka kwenye lainingi.

Lainingi ikifika milimita 6 katikati, hiyo inatoka hata kama ribiti hazijaonekana. Dramu za inchi 16.5 huwa na kipenyo cha milimita 419.1 zikiwa mpya, na nyingi zinatupwa zikifika 422.1, ila soma namba iliyoandikwa kwenye dramu yako, ndiyo inayotawala.

Kurudisha: tundika springi ndogo mbili kwanza shuu zikiwa zimefunguka kama kitabu, zikae kwenye pini, kisha funga upande wa kamu na utundike springi kubwa, midomo ya ndoano ikielekea kwenye kamu. Tena ni wakati wa kwato: nyanyua shuu, ingiza rola na klipu yake, moja moja. Sikiliza klipu ikiingia, inatoa mlio mdogo mkavu. Usiposikia, toa uingize tena, kwa sababu rola iliyochomoka ikiwa barabarani inageuza kamu na breki inang'ang'ania.

Baada ya tairi kufungwa, rekebisha. Slaki ya mkono: kaza hadi shuu ziguse dramu, legeza robo hadi nusu mzunguko. Kisha chuma kile kile kina kazi moja zaidi. Hendibreki ikiwa imeachiwa, sukuma slaki ajasta kwa ncha ya kwato na upime kwa rula pini ya busta (inayoiunganisha na slaki) inakwenda umbali gani mpaka shuu ziguse: milimita 13 hadi 16 ndiyo sawa. Halafu mtu akanyage breki ukiwa na upepo wa baa 6 hadi 7. Kwa busta ya kawaida ya ukubwa wa namba 30, pini isipite milimita 51. Ikipita ilhali uliposukuma kwa kwato ulipata sawa, usizidi kukaza slaki, kitafute kinachocheza: bushi, pini za busta, au dramu iliyotanuka.

Toa bolti ya busta na uirudishe kwenye mfuko wake, watu wengi wanaisahau ndani na hendibreki ya gurudumu hilo haipo tena. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki. Likienda kwa sauti nyepesi ya kukwaruza kidogo, sawa. Likisimama ghafla, rudi kwenye slaki.

Kuhusu swali la kununua: kama una tela moja, chongesha na umwonyeshe fundi kwato inakokaa. Kama una tatu au nne, nunua viwili vyenye vidomo tofauti, kwa sababu springi za ekseli za Kichina na za Kijerumani hazilingani waya.