Noah ya gesi na petroli: ukifunga gesi, usiitelekeze petroli

Mkuu, umeuliza kama Toyota Noah iliyofungwa mfumo wa gesi asilia (CNG) inamfaa mtu mwenye watoto wanne na mama mzazi nyumbani, na kama ni kweli gesi inaua injini. Hali yako ndiyo yangu. Sisi tuko 7, tunakaa Mbezi, na Noah yetu ni ile old model, SR40 yenye injini ya 3S. Sasa inakwenda mwaka wa nne tangu niifunge mfumo wa gesi.

Nianze na hela, maana ndiyo iliyonisukuma. Kupeleka watoto shule, kwenda kazini Posta na kurudi ni kama kilomita 60 kwa siku. Kwa petroli, na foleni ya Morogoro Road, AC ikiwaka, nilikuwa napata kilomita 8 au 9 kwa lita. Hizo ni lita 7 kila siku, na lita wakati huo ikiwa kwenye shilingi 2,900 hivi, elfu 20 imeondoka hata mkate hujanunua. Kwa gesi napata kilomita 12 hadi 13 kwa kilo, na kilo wakati huo nilikuwa nikijaza kwa 1,550. Kilo 5 zilinimalizia siku, haikufika elfu 8. Kufunga kulinigharimu milioni 2 na laki 2 pamoja na mtungi wa kilo 15. Nilikuwa naandika kwenye daftari kila nikijaza, na kabla ya miezi 8 kuisha hela ilikuwa imesharudi.

Sasa hili la kuua injini. Kilichonikwamisha mimi kilitoka upande wa petroli, na nakuomba ulishike hili kuliko yote niliyoandika hapa. Gari ya gesi huwaka kwa petroli, injini ikishapata joto ndipo inahamia kwenye gesi yenyewe. Kwa hiyo mtu unazoea kuweka petroli ya elfu 10 tu, ya kuwashia asubuhi, wiki zinapita taa ya mafuta imewaka na wewe huna habari nayo. Nilikwenda hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Desemba tukafunga safari ya Moshi. Nikajaza gesi, na petroli nikajaza tenki, nikajiona nimejipanga. Tulipoipita Mkata kidogo, vile vitaa vya kijani vya kuonyesha gesi iliyobaki, kwenye swichi ya kubadilishia gesi na petroli, vikabaki kimoja, kikawa chekundu, swichi ikalia, gari ikahamia kwenye petroli. Haikumaliza dakika 10. Ikakohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikazima. Saa 8 mchana, jua kali, mama yangu ndani na mtoto mdogo analia.

Fundi aliyekuja kwa bodaboda alitega sikio kwenye tenki huku nikiwasha swichi ya ufunguo. Kimya. Pampu ya mafuta ilikuwa imekufa. Akanieleza jambo ambalo karakana iliyonifungia haikuwahi kulitaja: pampu inakaa ndani ya tenki, na petroli ndiyo inayoipoza. Ukiiacha ikizunguka kwenye tenki tupu kila siku inapata moto, na takataka za chini ya tenki zote inazivuta yenyewe. Kuijaza siku ya safari hakufuti mwaka mzima wa kuikausha. Tulilala Segera, pampu ikaletwa kesho yake na basi kutoka Dar.

Tangu siku hiyo tenki langu halishuki chini ya robo, na kila Jumapili naendesha kwa petroli tupu, kanisani kwenda na kurudi, ili nozeli za petroli zisigande.

Upande wa gesi nao una masharti yake. Plagi na waya zake ziwe nzima, kwa sababu gesi inahitaji cheche kali. Plagi iliyochoka kwenye petroli utaivumilia, kwenye gesi gari itamisi, yaani itakohoa na kukatakata. Maji ya rejeta usiyachezee. Gesi inatoka kwenye mtungi ikiwa na presha ya baa 200, na ikishushwa presha inakuwa baridi sana, ndiyo maana kile kifaa cha kupunguzia presha kinapashwa na maji ya moto ya injini. Siku moja maji yalipungua nikakuta kimeota barafu nyeupe kama friza, na gari haina nguvu kabisa. Hata kila kitu kikiwa sawa, kwenye gesi nguvu hupungua kidogo. Tukiwa tumejaa, kupanda Kimara nazima AC.

Kama hujanunua gari bado, epuka injini ya D4, ile ya Noah new model. Nozeli zake zinachungulia ndani kabisa ya chumba cha moto, na petroli inayopita ndiyo inayozipoza. Ukizinyima petroli zinaungua. Ipo mifumo inayoendelea kuchoma petroli kidogo pamoja na gesi kwa ajili hiyo, lakini inapunguza faida unayoifuata.

Buti ndiyo itakayoleta mjadala nyumbani. Mtungi wa chuma wa kilo 15, ukiwa mtupu, unazidi kilo 50, na Noah nyuma ya siti ya tatu haina nafasi ya kujivunia. Fundi alitaka kuing'oa siti ile. Nilikataa, kwani bila hiyo siti nilikuwa na sababu gani ya kununua Noah? Ikasogezwa mbele, mtungi ukalala nyuma yake, na mizigo ya safari tunaifunga kwenye keria.

Foleni ya kujaza ni ya kweli na inachosha. Mimi nakwenda Ubungo saa 10 alfajiri. Kila mtu anashuka, hata kama mtoto amelala, namshusha. Na wanaouliza kama unaweza kujazia gesi ya kupikia: hapana kabisa, ni gesi nyingine na presha nyingine. Hii yetu ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu, wakati ya jikoni inashuka na kutuama chini.

Siku ya kukabidhiwa gari usiwe na haraka. Soma tarehe ya kutengenezwa au kupimwa iliyogongwa kwenye mtungi. Usio na tarehe ukatae. Iwashe injini ikiwa baridi, subiri ihame yenyewe, irudishe petroli, ihamishe tena. Halafu omba maji ya sabuni, upake kila maungio ya bomba kuanzia kwenye mtungi hadi mbele, wewe mwenyewe ukiangalia. Povu likivimba hata sehemu moja, gari ilale hapo hapo kwa fundi.