Maswali ya Wasomaji: Kupanda Kilimanjaro kuchangia watoto wenye usonji

Sisi ni kikundi cha wazazi wa watoto wenye usonji. Tunataka kufika kilele cha Uhuru tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, tukichangisha fedha za tiba ya lugha. Tupite njia gani? – Wazazi, Dodoma

Badilisheni tarehe kwanza. Aprili ni masika: msituni matope, juu theluji na ukungu, na nguo ikishalowa haikauki tena mpaka mshuke. Pandeni mwishoni mwa Januari au Februari, halafu 2 Aprili iwe siku ya kukabidhi fedha na kusoma hesabu mbele ya watu.

Kuhusu njia, wengi hukimbilia Marangu kwa sababu ina vibanda na vitanda. Tatizo ni ile safari ya siku tano: inamtoa mtu kambi ya Kibo, takriban mita 4,700, hadi mita 5,895 kwa usiku mmoja, na kule kileleni kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Ongezeni siku moja ya kuzoea pale Horombo, kambi iliyo chini ya Kibo. Mnaoweza kulala kwenye hema, chukueni Machame ya siku saba au Lemosho ya siku nane. Huko mnapanda hadi mwamba wa Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha mnashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, na mwili unapata nafasi ya kuzoea. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, kwa hiyo siku ya ziada ina gharama yake. Baneni kwingine.

Wachangiaji wanauliza kama fedha zao ndizo zitakazolipia safari yetu. Tuwajibu nini?

Wana haki ya kuuliza. Andaeni bajeti mbili. Ada, wapagazi, waongoza wageni na vifaa vilipwe na wapandaji wenyewe, au na mdhamini aliyekubali hivyo kwa maandishi. Michango iingie kwenye akaunti au lipa namba ya chama kilichosajiliwa, kamwe si kwenye simu ya mwenyekiti. Mkitaka lengo linaloeleweka haraka, uzeni mita: Sh 1,000 kwa mita moja, mlima mzima Sh 5,895,000. Makato ya miamala nayo yatajwe.

Ila ahadi ya "nitatoa mkifika kileleni" ikataeni kwa upole. Ndiyo inayomfanya mtu mwenye kichwa kinachomgonga afiche hali yake saa tisa usiku. Anayeyumba akitembea, anayechanganya maneno au anayekosa pumzi hata akiwa amekaa anashushwa papo hapo, hata kama kilele kinaonekana. Mita alizouza zihesabiwe zote.

Mwanangu wa miaka 19 ana usonji na anataka kwenda. Inawezekana?

Usonji peke yake haumzuii. Hatari iko kwingine: baadhi ya wenye usonji huchelewa kuhisi kiu, baridi au maumivu, au wanahisi lakini hawasemi. Mwongoza wageni asimsubiri alalamike. Anywe maji kwa kufuata saa, jumla lita tatu hadi nne kwa siku, na aulizwe maswali ya ndiyo au hapana: "Kichwa kinauma?" "Umetapika?" Swali la "unajisikiaje?" litajibiwa "vizuri" hadi mwisho.

Viatu, soksi na nguo zote azivae miezi kadhaa kabla. Mshono wa soksi au lebo ya shingoni inayomkera nyumbani haitavumilika kule juu. Abebe vyakula alivyozoea, maana hamu ya kula hupungua kwa kila mtu huko, na mwenye vyakula vichache anavyokubali ndiye wa kwanza kuishiwa nguvu. Ratiba ya kila siku iwe ya picha, ikionyesha wazi kwamba usiku wa kilele mtaamshwa kabla ya saa sita.

Kama ana kifafa, jambo linalotokea zaidi kwa wenye usonji, daktari wake aamue kwanza kama apande, na aangalie kama asetazolamidi, dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, inapatana na dawa anazotumia.